Kipimo Kwanza, Spana Baadaye

Pikapu nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimeinama kidogo mbele. Egesha Toyota Hilux tupu kwenye sakafu iliyonyooka, usimame ubavuni mwake, utaona nyuma imekaa juu kuliko mbele. Wengi huiona hali hiyo kuwa kasoro na kutaka irekebishwe. Aliyelisanifu gari alijua kwamba huko nyuma utapakiwa mzigo unaoweza kukaribia tani moja, springi zitalala, na gari litakuwa sawa likiwa kazini. Kwa hiyo anayetaka kunyanyua mbele ilingane na nyuma, kisha alivishe gari matairi makubwa, anaigusa hesabu iliyokwisha kufanywa na mwingine. Kuigusa si kosa, ila inataka mtu anayejua kuisoma kabla ya kuibadilisha.

Mtu wa namna hiyo nimemtazama akifanya kazi eneo la Unga Limited, Arusha. Mji huu umezoea kuyafanyia magari kazi nzito. Hapa ndipo Land Cruiser hurefushwa chasisi na kukatwa paa ili wageni wasimame na kutazama wanyama wa Serengeti na Ngorongoro. Mafundi wa kunyanyua gari hawakosekani. Huyu ni mtu mzima, mpole wa maneno, na mfuko wa kifuani wa ovaroli yake hubeba vitu vitatu: futi, chaki na tochi. Spana zake zimo sandukuni, na sanduku hukaa limefungwa muda mrefu kuliko mteja anavyotarajia.

Mteja wa siku hiyo alikuwa kijana anayelima vitunguu Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi. Alikuja na Hilux ya kizazi kilichoanza mwaka 2015, yenye matairi ya 265/65R17.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za shamba?"

"Nzuri, mzee. Nataka gari lisimame. Mbele ilingane na nyuma, halafu nivae 285."

Fundi hakusema lolote kuhusu matairi. Aliuliza, "Unabeba nini?"

"Vitunguu. Gunia sita, wakati mwingine saba."

"Gunia la kawaida au lumbesa?"

Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita kipimo chake. Kijana akasita. "Inategemea na mnunuzi, mzee."

"Na ukirudi shambani?"

"Narudi tupu."

Fundi akatikisa kichwa polepole, akaenda kuchukua kipimo cha upepo. Kwake, kazi ilikuwa imeshaanza.

Alianza na upepo kwa sababu tairi lililolegea hudanganya kila kipimo kinachofuata. Alipima matairi manne yakiwa baridi, akayaweka sawa, kisha akalisogeza gari mbele na nyuma kwa mkono ili springi zikae mahali pake baada ya kuguswa. Aliwatoa watu, akatoa jembe na madumu yaliyokuwa nyuma, akahakikisha anajua tangi lina mafuta kiasi gani. Sehemu anayopimia ni kipande cha sakafu ya saruji alichokikagua mwenyewe kwa pimamaji, kila upande. Hapimi gari kwenye kifusi cha uani.

Kisha futi ikatoka. Hakupima kutoka chini hadi kwenye madigadi, kama wengi wanavyofanya. Alipima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, wima, kwa sababu kipimo hicho husema habari ya springi peke yake, bila kuchanganywa na unene wa tairi wala kulika kwake. Aliandika ukutani kwa chaki: mbele milimita 500, nyuma 545. Kulia na kushoto vilipishana kwa milimita tatu. Akaandika na hizo. Madigadi ya mbele na ya nyuma hayakukatwa kwa umbo moja, kwa hiyo hakuishia hapo. Alilala chini, akabandika pimamaji kwenye chasisi, akamulika tochi kwenye povu la ndani ya kioo, akaona gari limeinama mbele kweli, na futi haikuwa imemdanganya.

Hapo ndipo wengine wangefungua sanduku. Yeye alivuka barabara hadi duka la vifaa vya ujenzi, akaazima mifuko 12 ya saruji, kila mmoja kilo 50. Vijana wake waliipanga nyuma kama gunia za vitunguu zinavyopangwa, nzito zikiwa karibu na kabini. Kilo 600, uzito anaoujua bila kubahatisha. Gari likasogezwa tena, futi ikatoka tena. Mbele 503. Nyuma 493.

Alisimama mbele ya ukuta ule akamwita kijana. "Tazama. Ukiwa tupu, nyuma iko juu kwa 45. Ukibeba, gari linalala karibu sawa, mbele imezidi kwa 10 tu. Sasa nikikunyanyulia mbele 45 unazotaka, siku ya mzigo mbele itazidi kwa 55."

Hesabu hiyo aliipeleka hadi mwisho wake. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, Hilux hii ina milimita 3,085. Mbele ikizidi kwa 55, taa kubwa nazo hutazama juu kwa kiwango hicho hicho: umbali wa mita 50, mwanga unakuwa umepanda karibu sentimita 90 kupita unapotakiwa kuangukia. Huo ni mwanga wa kumpiga machoni dereva wa basi anayepandisha kona za ukingo wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu wakati wewe unashuka na vitunguu usiku. Tena uzito ukiegemea nyuma, magurudumu ya mbele huutii usukani kwa ulegevu, na breki za mbele, ambazo ndizo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari, hukosa uzito wa kuzisaidia kung'ang'ania barabara.

Kijana alikuwa kimya. Fundi hakumsukuma. Aliendelea na swali la pili, la matairi.

Maandishi ya ubavuni mwa tairi ni hesabu, na fundi huyu huyasoma kwa sauti mbele ya mteja ili wote wawili waelewe kitu kimoja. 265 ni upana kwa milimita. 65 ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 65 ya upana huo. 17 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Aliandika ukutani: ubavu mmoja milimita 172, mara mbili 344, ongeza ringi 432, jumla 776. Kwa 285/70R17 ilitoka 831. Kwa 265/70R17, ambalo kijana hakulitaja kabisa, ilitoka 803. Akagawa tofauti kwa mbili, maana nusu tu ya ongezeko ndiyo huinua gari. Nusu nyingine huenda juu ya habu. 285 ingelinyanyua gari kwa milimita 27, na 265/70 kwa milimita 13.

"Sasa sikia jambo moja," alisema. "Springi hainyanyui difu."

Ni kauli fupi, na ndiyo iliyonifanya nimheshimu zaidi. Nyuma ya Hilux kuna ekseli ngumu, na difu limening'inia katikati yake. Unaweza kuongeza springi juu ya ekseli hiyo uwezavyo: kabini itapanda, boneti itapanda, lakini difu litabaki pale pale, kwa sababu limebebwa na matairi. Jiwe linalokugonga njiani hugonga pale. Kwa hiyo anayetaka kupita juu ya mawe ahesabu kimo cha tairi kwanza, na springi aziwekee hesabu ya mzigo. Ukichanganya mambo hayo mawili, unalipia sura ya gari huku difu likiendelea kugonga mawe.

Bado hakukata shauri. Alikuwa na ringi moja iliyovaa tairi kuukuu la 285/70R17, analolihifadhi kwa kazi hii tu. Hapo sanduku likafunguka.

Aliweka kabari nyuma ya magurudumu, akapandisha mbele kwa jeki, akaweka stendi chini ya chasisi pande zote mbili, akalitikisa gari kwa bega kabla hajaingiza mkono. Akafungua gurudumu. Akalegeza stabiliza, akaachia boljointi kwa kuigonga kwenye shingo yake na kuuacha uzi wa bolti salama, akafungua bolti ya chini ya shokapu na nati tatu za juu, mkono mmoja ukiwa umeishika isianguke. Shokapu na springi yake vikatoka pamoja.

Springi ya koili ikiwa imebanwa huwa na nguvu ya kuua. Alifunga vibanio viwili, kimoja kila upande, akasimama pembeni, kamwe hakukaa mbele ya ncha yake. Nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule. Huku, kule. Koili zilisogeleana kwa usawa, hakuna upande uliotangulia. Kijana wake mmoja alitaka kusaidia kwa spana ya upepo. Alimzuia kwa kiganja tu. Springi ilipoacha kukibana kikombe cha juu, alifungua nati ya katikati, akaitoa springi, akairudisha shokapu tupu kwenye gari.

Lengo la usumbufu wote huo lilikuwa kuliona gurudumu mahali ambapo mteja hatakaa alione: juu kabisa, pale linapofika gari likitumbukia shimoni kwa kasi. Bila springi, jeki ndogo chini ya amu inatosha kulipandisha hadi raba ya kikomo iguse. Alivalisha lile tairi la 285, akapandisha, akamwomba kijana ashike usukani na kuuzungusha polepole, kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Yeye alilala ubavu na tochi. Usukani ulipokaribia mwisho, kikasikika kitu kikikwaruza. Alipaka chaki kwenye kingo za tairi, wakarudia. Chaki ikaacha alama mbili: moja kwenye plastiki ya ndani ya madigadi, nyingine kwenye chuma, mahali kabini inapofungwa kwenye chasisi.

"Plastiki naweza kuisukuma kwa moto," alisema. "Hiki chuma kinashika kabini. Kukikata ni kazi nyingine, na kwa vitunguu huihitaji."

Kisha alifanya upande wa pili wa jaribio, ambao nimeuona ukirukwa mara nyingi. Aliliacha gurudumu lining'inie chini kabisa, akalizungusha kwa mkono, sikio likiwa karibu na sivi jointi. Akatazama mpira wake, mikunjo ya chini ikibanana na ya juu ikifunguka. Gari likinyanyuliwa mbele, shafti za magurudumu huinama zaidi, na sivi jointi inayofanya kazi kwa pembe kali hulika upesi. Mpira ukichanika, vumbi la Mang'ola litamaliza kazi kwa muda mfupi. Vilevile shokapu hushika amu karibu na katikati yake, mbali na gurudumu, kwa hiyo spesa ya milimita 25 juu ya shokapu huleta karibu 50 kwenye gurudumu. Wapo wanaoweka spesa wakidhani milimita ni zile zile, wakajikuta wamepandisha gari maradufu.

Baada ya hapo ndipo uamuzi ulipotoka, na alipousema ulikuwa tayari umeandikwa wote ukutani. Mbele ipande milimita 20 tu, kwa spesa ya milimita 10. Nyuma iongezwe springi moja kwenye lile fungu la springi za bapa, ili gari lisilale sana likibeba. Matairi yawe 265/70R17. Likiwa tupu litabaki limeinama mbele kidogo, likibeba litakaa sawa.

"Kwa hiyo halitasimama kama nilivyotaka," kijana alisema.

"Litasimama siku ya mzigo. Na kumbuka, springi nitakayoongeza haitakuongezea ruhusa. Uzito wa gari ni ule ule ulioandikwa. Saba za kawaida, sawa. Lumbesa, hapana."

Kijana alitazama ukuta muda mrefu, kisha akasema, "Fanya, mzee."

Kurudisha kulikwenda kimyakimya. Springi ikarudi kwenye kikombe chake, ncha ya koili ikakaa kwenye kitako chake haswa. Aliipapasa kwa kidole kuhakikisha. Spesa ikakaa juu, nati tatu zikashikishwa kwa mkono kwanza, zote, kabla ya moja yoyote kukazwa. Nyuma, fungu la springi lilifunguliwa, kila pande likapigwa brashi ya waya na kukaguliwa nyufa, jipya likaingia katika mpangilio wa urefu, bolti ya katikati ikapita, na yu-bolti zikafungwa kwa zamu, kwa msalaba.

Kisha akafanya jambo dogo ambalo lingempita asiyemtazama kwa makini. Bolti zinazopita kwenye bushi za amu, ambazo alikuwa amezilegeza, hakuzikaza gari likiwa hewani. Alizishikisha tu. Alilishusha gari chini kwa magurudumu yake, akalitikisa mpaka likatulia kwenye kimo chake kipya, kisha akaingia uvunguni na kuzikaza hapo kwa spana ya kupimia nguvu. Bushi ni raba iliyoshikana na chuma. Ukiikaza gurudumu likiwa linaning'inia, gari likishuka raba hujisokota na kubaki imesokotwa siku zote, mpaka ikatike. Mteja hataiona tofauti leo, ila ataiona baada ya msimu mmoja au miwili ya barabara mbaya.

Matairi alikuwa ameyakagua kabla hayajavuliwa karatasi. Alitafuta tarakimu nne za mwisho ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka yalipotengenezwa, akahakikisha yote manne yanakaribiana, pamoja na la tano. La akiba lazima liwe la kipimo kile kile. Kuchanganya vipenyo kwenye gari la magurudumu manne yanayovuta huumiza gia. Alisoma na namba ya uzito, 115, yaani kilo 1,215 kwa tairi moja, juu kidogo ya 112 ya yale ya zamani ambayo ni kilo 1,120. Kingo zikapakwa sabuni, tairi likapanda kwenye ringi, upepo ukaingia mpaka kingo zikalia na kukaa, likazungushwa kwenye mashine ya balansi.

Alirudi na futi. Mbele 520, nyuma 560. Saruji ikapakiwa tena: mbele 523, nyuma 515. Aliandika chini ya namba za asubuhi, akachora mstari.

Gari lililonyanyuliwa mbele hubadilisha pembe za magurudumu: sehemu ya juu hulalia nje kidogo, na usukani hupunguza ile tabia ya kurudi wenyewe katikati baada ya kona. Alivuta uzi kutoka nyuma hadi mbele pande zote mbili, akasogeza bolti za amu ya chini zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, akarekebisha tairodi mpaka uzi ukakubali. Kisha akamwagiza kijana aende kwenye mashine ya alaimenti mjini kabla ya kuondoka Arusha. Uzi ulimtosha kulifikisha gari huko salama, naye hakudai zaidi ya hapo. Mwisho, jua lilipoanza kushuka, aliliegesha gari mbele ya ukuta likiwa na mzigo, akachora mstari wa kimo cha taa, akazishusha moja baada ya nyingine.

Maagizo yake ya kuagana yalikuwa machache. Kaza nati za magurudumu baada ya kilomita 100. Rudi baada ya 1,000 nitazame bolti zote. Spidomita sasa inakupunja kwa asilimia 3 na kitu: ikikuonyesha 50, wewe uko karibu 52, na trafiki hatapima mshale wako. Tairi ni zito kuliko la kwanza, kwa hiyo anza kukanyaga breki mapema kidogo, na mafuta yataongezeka kidogo.

Tumezoea kumsifu fundi kwa haraka ya mikono yake. Huyu anastahili sifa kwa mambo aliyoyafanya kabla ya spana kutoka sandukuni: upepo, futi, mifuko ya saruji, hesabu za chaki ukutani. Mteja alikuja na picha ya gari kichwani, akaondoka na gari linalofaa kazi yake, na katikati hakudanganywa wala hakudharauliwa.

Nawe ukifikiria kunyanyua pikapu yako na kuivisha matairi makubwa, msikilize fundi swali lake la kwanza. Akikuuliza una kiasi gani cha fedha au unataka inchi ngapi, mshukuru uondoke. Akikuuliza unabeba nini na unapita wapi, mwachie funguo, umpe na muda wa kutosha.